Mshale Haukurudi kwenye Sifuri

Mizani iliingia katika lupango yetu ya Bel-Air, yaani kiwanja chetu chenye nyumba na ukuta, siku moja na magunia. Mume wangu anauza unga wa mahindi kwa jumla, na mwenye nyumba ya mjini alimokuwa na depo, yaani ghala lake, aliitaka nyumba yake. Basi, mvua za kwanza zilipoanza, tuliyapanga magunia katika chumba cha mbele na kando ya korido, tukaiweka mizani chini ya paa la bati karibu na jiko la nje, na mume wangu akahamishia kiti chake barazani. Kutoka pale aliweza kuona geti, wabebaji, magunia na jiko bila kugeuza shingo. Alikuwa na simu zake mbili na kikohozi kidogo cha vumbi la unga. Mimi nilifurahi. Mume yuko nyumbani kutwa nzima, chakula kimejaa ndani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Mama yangu alikuwa akiishi nasi tangu baba alipofariki. Baba alifanya kazi reli maisha yake yote, na sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga, watu wa misa ya alfajiri na viatu vilivyopakwa rangi. Mama alikuwa na chumba mwisho wa korido. Mlango wake uliliwa na mchwa, tukaweka pazia zito la maua, na kwa kuwa yeye mwenyewe alilipenda pazia lile, mlango haukurudi tena. Mume wangu ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, mtoto wa wafanyabiashara wa malori, na alimheshimu mama kuliko ninavyoweza kueleza. Kila mchana alimwita kutoka barazani: "Ba mama, karibu tukule!" Na kila mchana mama alijibu kutoka nyuma ya pazia: "Aksanti, mukwe. Nilishakula."

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Jumamosi asubuhi wanawake wa mtaa hukusanyika kwetu, wengine na watoto mgongoni, nami huwaeleza mambo ya mwili. Tulishapitia malaria na maji safi. Mizani ilipofika, niliona nimepata somo jipya bila kulitafuta: uzito, na chakula ambacho mwili unahitaji kwa siku.

Nilianza na mbabula, lile jiko la makala, yaani makaa, ambalo kila mmoja wetu analo. Niliwauliza: ukitaka mbabula iendelee kuwaka polepole tu, bila kupika kitu, unaweka makala au huweki? Wakasema unaweka, kidogo. Basi mwili ni hivyo. Hata ukilala, hata usipoinua kijiko, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, kichwa kinafanya kazi yake, na damu inabaki na joto. Kazi hiyo ya kimya inakula sehemu kubwa ya chakula chako cha siku. Ukiamka ukafua, ukaenda sokoni, ukatwanga sombe, yale majani ya muhogo, unaongeza makala juu ya yale. Kalori ni kipimo cha joto hilo, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito. Gramu ya unga mkavu inatoa karibu kalori nne. Gramu ya mafuta inatoa tisa, ndiyo maana sombe yenye mawese inakushikilia mpaka jioni. Mwanamke wa umbo la kawaida anahitaji karibu elfu mbili kwa siku. Mbebaji wa magunia anahitaji zaidi sana. Mtu mzima aliyezeeka anahitaji pungufu, lakini si pungufu kama watu wanavyodhani.

Kisha nikawaonyesha hesabu ambayo wauguzi huiita kwa Kifaransa IMC. Wanawake walipoona ubao walianza kunong'ona, nikawaambia wasiogope, ni hesabu ya dakika moja. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa urefu huo huo. Chukua kilo zako, uzigawe kwa jibu ulilopata. Ukipata kati ya kumi na nane na nusu na ishirini na tano, uko mahali pazuri. Juu ya hapo, angalia. Chini ya hapo, angalia zaidi. Niliwaambia pia kwamba hesabu hii haijui yote: haijui kama una mimba, haijui kama nyama yako ni misuli au mafuta. Ni kama kubisha hodi. Ikijibu vibaya, ndipo unapoingia ndani kutazama.

Wa kwanza kuitwa alikuwa jirani yetu muuza makala, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kufika mtaa mzima wa Kampemba.

"Madame, hii balansi iko ya bunga," alisema, "haiko ya bantu!"

"Bunga iko na kilo, na weye uko na kilo. Panda."

"Ikivunjika, museme ni rouille, ni kutu. Musiseme ni miye."

Alipanda, mizani ikalia, wanawake wakacheka mpaka watoto wakaamka. Kulikuwa na sheria moja: unavua viatu, unaweka simu chini, unafungua kikwembe cha juu, yaani kitenge cha nje, unabaki na kile cha ndani. Vijana walikubali. Wazee walikataa, kwa sababu mama wa heshima kwetu havui kikwembe uwanjani hata kama uwanja ni wa binti yake. Sikuwalazimisha. Nilisema tutatoa kilo moja ya nguo, basi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta. Nilimwita kwa mzaha tu, sikutegemea angekubali. Akainuka. Alitembea polepole, mnene kiunoni, kikwembe juu ya kikwembe, na akapanda kwenye mizani akiwa ameshikilia nguzo. Mshale ukaenda ukasimama kwenye hamsini. Nilikuwa nimeshampima urefu kwa chaki ukutani: mita moja na sentimita hamsini na nane. Zidisha kwa yenyewe, unapata mbili na nusu. Hamsini ukiigawa kwa mbili na nusu unapata ishirini.

"Ishirini!" nilisema. "Hata tukitoa nguo, ba mama iko pazuri kabisa."

Vigelegele vikapigwa. Muuza makala akasema, "Mama ya Madame iko kijana! Tutamutafutia bwana!"

"Ule wa kwanza alinitosha," mama akajibu, na alikuwa anacheka aliposhusha mguu.

Kitu kikaanguka. Kilitoa sauti ya gunia dogo, buu, juu ya chuma. Mama alikuwa ameshasimama chini, na kwenye mizani lilibaki blanketi la sufu la mistari, lile zito la baba, la safari za reli, limekunjwa kwa ustadi na kufungwa kwa mshipi wa kitambaa. Kutoka ndani yake zilichungulia fulana mbili za baridi. Kikwembe chake cha nje kililegea, na mama alikishika kwa mikono miwili.

Wanawake walicheka kwanza. Mtu yeyote angecheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu mshale wa mizani ulirudi nyuma, ukatetemeka, na haukurudi kwenye sifuri. Ulisimama kwenye tano.

Sikutaka kufanya hesabu. Akili yangu iliifanya bila ruhusa. Hamsini kutoa tano. Arobaini na tano gawanya kwa mbili na nusu. Kumi na nane. Na bado kulikuwa na vile vikwembe alivyokuwa amevishika.

Nilimtazama mama kana kwamba alikuwa mtu aliyeingia getini sasa hivi. Mikono ilikuwa ya nani ile? Shingo ile, mifupa miwili iliyosimama chini yake kama mipini ya jembe, ilikuwa ya nani? Nilikuwa nikiketi naye sebule moja, nikisali naye, nikimpaka mafuta nywele. Muuza makala ndiye aliyejua la kufanya. Alifungua kikwembe chake kikubwa, akamzungushia mama mabegani.

"Ba mama, baridi iko mingi leo," alisema.

Jua lilikuwa linachoma bati. Hakuna aliyempinga. Wanawake walikusanya watoto wao na viatu vyao, wakaaga kwa sauti za chini, na lupango ikabaki na mimi, mama, na mume wangu aliyesimama barazani na simu sikioni, akiwa amesahau kuongea.

Chumbani mama alikaa kitandani na kunipa mgongo.

"Ni buzee," alisema. "Bazee banapungukaka."

"Na blanketi, Mama?"

"Bantu bangesema nini? Lupango inajaa bunga mpaka korido, na mama ya Madame iko kama fito. Bangesema munaninyima. Mukwe wangu bangemutukana pa soko."

Yaani alikuwa amejivika uzito kwa ajili yetu. Kila asubuhi, kabla sijaamka, alikuwa akijifunga blanketi la marehemu ili sisi tusionekane wabaya. Na sasa nilikuwa na hofu moja tu: mzee anayepungua bila kutaka, mara nyingi kuna ugonjwa unaomla kutoka ndani. Mama yangu angekufa, na mimi ningekuwa nimepiga vigelegele.

Jumatatu nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpima bila viatu wala blanketi, akachukua damu, akatazama macho, akamsikiliza kifua. Malaria hakuna. Sukari sawa. Kifua safi. Siku nyingine tulirudi kwa vipimo vilivyobaki, navyo vilikuwa vizuri. Muuguzi alikunja karatasi na kuuliza swali la kawaida kabisa.

"Mama anakulaka?"

"Nakulaka muzuri," mama akajibu.

Nilishangaa tena, safari hii kwa kukosa njia. Majibu mazuri hayakunipa faraja hata kidogo. Kama hakuna ugonjwa, basi kilo zimekwenda wapi? Kilo haziibiwi. Mwili hautupi kitu bure. Ukipungua, ni kwamba umechoma zaidi ya ulichopewa. Hilo nilikuwa nimelisema mbele ya wanawake wote, na chaki mkononi.

Usiku ule sikumuuliza kitu. Mchana uliofuata niliomba ruhusa shuleni, nikampikia uji mzito wa karanga na maziwa, nikaupeleka mwenyewe chumbani kwake, nikakaa naye kitandani nyuma ya pazia. Alikoroga. Akavuta harufu yake, na nikaona jinsi alivyomeza mate, mtu mwenye njaa hasa, si mtu aliyekosa hamu. Akajaza kijiko, akakiinua.

Barazani mume wangu akakohoa.

Kijiko kikarudi bakulini. Hakukirudisha kwa hasira wala kwa huzuni. Mkono ulishuka wenyewe, kama mtu anavyofumba macho vumbi likipita. Akafunika bakuli kwa sahani, akaliweka chini ya kitanda, na kukunja mikono mapajani. Nyayo za mume wangu zilipita koridoni kwenda kwenye magunia. Zikarudi. Kiti kikalia. Mama hakuligusa tena lile bakuli.

"Mama," nilisema kwa sauti ndogo sana. "Ni bukwe?"

Alinitazama kama mtu aliyechoka kungoja swali.

Msomaji asiye wa kwetu anivumilie kidogo. Kwa watu wetu wa kaskazini, mama na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa namna ambayo mjini wengi wameiacha, nayo ndiyo tunayoiita bukwe. Mama hafungui mdomo kula mbele ya mkwe wake. Asimwone akitafuna, na kwa mama wa aina ya mama yangu, asimsikie. Heshima hiyo inafunguliwa kwa njia moja: mkwe analeta kuku na kikwembe, anamwomba mama ale, na mama anakula tonge la kwanza mbele yake. Tulipooana, wazazi wangu walikuwa bado kaskazini. Kuku yule aliachwa mpaka siku ya kutembelea. Halafu baba akaugua, safari zikawa za hospitali, na hakuna aliyekumbuka kuku tena. Mama alipohamia kwetu mambo yalikwenda, kwa sababu mume wangu alikuwa akiondoka asubuhi kwenda depo. Mama alikula mchana jikoni kwa raha yake, akala tena jioni kabla gari halijapiga honi getini.

Depo ilihamia nyumbani, na nafasi zake za kula zikaondoka.

"Asubui nakunywa chai," mama alinieleza, nilipombana. "Na kitumbula kimoja, mukwe akiwa pa douche, anaoga. Mchana, matonge mawili, matatu, nikisikia iko na bantu ku geti. Munkoyo kopo moja."

"Na sahani ninayokuletea?"

"Kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku yetu, inyuma ya jiko. Ningetupa chakula ya watoto wangu?"

Niliweka hesabu pamoja, polepole, nikitumaini nitakosea. Chai na sukari, kitumbua, matonge yale, kopo la munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Haikufika mia saba. Mwili wake, ukiwa umelala tu, moyo na mapafu na joto, ulihitaji karibu elfu moja. Mbabula ilikuwa imewashwa miezi yote ile bila makala ya kutosha, ikawa inachoma jiko lenyewe. Na mita mbili kutoka kitanda chake, upande wa pili wa pazia la maua, unga ulikuwa umepangwa mpaka darini.

Nilitoka nikamwambia mume wangu. Alikuwa anaongea na dereva, akakata simu.

"Ni miye?" alisema. "Ni miye njo nilikuwa nazuia mama kukula?" Uso wake ulibadilika rangi. "Kila mchana namwita! Kila mchana! Kwetu mama wa bibi yako anapakuliwa wa kwanza!"

"Ulikuwa unamwita kwenye kitu asichoweza."

Alisimama akachukua kiti chake. Alisema ataketi kwa jirani, au chini ya ukuta wa nje, au hata mtaa wa mbali wa Karavia, popote, kutwa nzima, mama ale. Kutoka nyuma ya pazia sauti ya mama ilitoka kwa mara ya kwanza bila kuulizwa.

"Mukwe asitoke! Baseme nimemufukuza mu nyumba yake?"

Basi tukamwita mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi upande wa Karavia na ambaye anajua mila zote na kuzicheka zote. Alifika Jumapili baada ya misa, akasikiliza, akamtazama mume wangu kutoka viatu mpaka kichwani.

"Weye mutu ya malori," alisema. "Ulituletea mbuzi, ulituletea suti ya baba, ulituletea mpaka radio. Kuku moja ikakushinda?"

"Mama mudogo, hakuna mutu aliniambia."

"Na weye," akanigeukia, "Madame ya kalori. Hukuuliza mama yako anakulia wapi?"

Akanipiga begani, akacheka, akaenda nyuma ya jiko kuchagua kuku. Alirudi ameshika jogoo mkubwa kwa miguu, mzito mpaka mkono wake ulikuwa unainama.

"Eh! Huyu anakulaka nini?"

Mama mdogo alipojibiwa kwamba ni sahani za dada yake, alikaa chini kwenye ngazi na jogoo mapajani.

Tulimpika yule jogoo kwa mawese na vitunguu, bukari, ugali wetu, ikasongwa, na lengalenga, ule mchicha, ikachemshwa. Mkeka ulitandikwa barazani, palepale kiti kilipokuwa. Mama alitoka nyuma ya pazia bila blanketi, katika kikwembe kimoja tu, na ilinichukua nguvu kutolia nikiona jinsi kilivyomzunguka mara mbili. Alikaa ubavu, ametazama ukuta. Mume wangu alipiga magoti, akaweka kikwembe kipya mbele yake, akaisogeza sahani.

"Ba mama," alisema. "Naomba ukule. Naomba sana."

Mama hakusogea. Mkono wake ulikuwa mapajani, umekunjwa vilevile kama siku ya uji. Nilijua kwamba asipokula sasa hakutakuwa na njia nyingine. Hakuna daktari wa jambo hili, wala hesabu. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Kifua chake kilipanda, nikaona anajaribu kukizuia, na hakuweza. Akakohoa.

Mkono wa mama ulistuka. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, alikuwa amekata bukari. Aliifinyanga kwa vidole, pole, akaitia kishimo, akachovya mchuzi mwekundu, akageuza uso kidogo upande wetu, na akala. Tulisikia anatafuna. Sidhani kama niliwahi kuisikiliza sauti ile tangu nizaliwe.

Mume wangu alichukua firigisi, ambayo huwa ni ya baba wa nyumba, akaiweka kwenye sahani ya mama. Mama aliitazama, akatazama mfupa mnene wa paja.

"Huyu jogoo alikula bukari yangu yote," alisema. "Leo nakamata yangu."

Mama mdogo akapiga kelele ya kicheko. Mimi nilitaka kueleza kwamba haiwi hivyo, kwamba kuku huchoma sehemu kubwa ya anachokula kwa kukimbia na kujipasha joto, na kinachobaki nyamani ni kidogo. Badala yake nikaongeza mchuzi kwenye sahani yake. Mama alikuwa ameshafika tonge la nne na bado alikuwa anaangalia upande wa sufuria.

"Mukwe," alisema, akiwa ametazama ukuta, "ile bukari iko mbali na miye."

Mume wangu alisimama akaileta.